Taa Ikizima Haijasahau

Siku moja ya Julai 1943, moshi mzito uliushukia mji wa Los Angeles. Macho yakawasha, koo zikakauka. Vita Vikuu vya Pili vilikuwa vimepamba moto, kwa hivyo wengine walidhani Wajapani wamerusha gesi. Wengine wakalaumu kiwanda kilichohudumia utengenezaji wa mpira bandia. Kiwanda kikabanwa, moshi haukuondoka.

Miaka michache baadaye Arie Haagen-Smit, mwanakemia Mholanzi wa Caltech aliyekuwa akichunguza ladha ya mananasi, aliigeukia hewa ya mji. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alionyesha kwamba mvuke wa petroli na moshi wa magari, ukipigwa na jua, hupikika ukawa ozoni. Adui alikuwa ameegeshwa mlangoni kwa kila mtu.

Ile taa ya chungwa kwenye dashibodi, yenye mchoro wa injini, ni mjukuu wa moshi huo. California iliunda bodi yake ya hewa mwaka 1967. Kuanzia magari ya 1975 Wamarekani wakaanza kufunga katalaiza, kile kifaa cha kwenye ekzosi kinachopunguza sumu ya gesi. Lakini kifaa kikifa barabarani, nani atajua? Gari huendelea kukimbia tu, dereva hana haja ya kuuliza. Ndiyo maana California ikalazimisha magari ya kuanzia 1988 yajichunguze yenyewe na kuwasha taa. Mwaka 1996 mfumo ulioboreshwa, OBD-II, ukawa lazima kwa magari madogo mapya Marekani nzima: soketi moja ya pini 16, misimbo ya pamoja kwa kampuni zote. Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001.

Mwaka jana taa hiyo ilimtesa anko wangu, dereva wa teksi za simu hapa Nairobi. Wiki ya mvua inawaka, jua likitoka siku mbili tatu inazima. Kila ikiwaka, fundi mmoja anachomeka mashine, anafuta, anachukua soo tano. "Imepona, mzee." Mvua ikirudi, nayo imerudi. Mafundi wengi huita ile misimbo kodi, na kwa anko ikageuka kodi kweli, ya kulipwa kama ya nyumba.

Nilisoma historia chuoni miaka miwili kabla karo kunishinda. Kitu kimoja nilitoka nacho: ukipewa faili, uliza kwanza imeandikwa kwa ajili ya nani. Nikaanza kusoma kanuni za mfumo huu. Kwa hitilafu nyingi, kompyuta ikiona shida mara ya kwanza huiandika kimyakimya. Ikirudi katika safari inayofuata, taa inawaka. Safari tatu mfululizo zikipita salama, taa inazima, lakini msimbo unabaki kwenye kumbukumbu hadi injini ipate moto na kupoa kama mara 40. Pamoja nao huhifadhiwa hali ya dakika ile: joto la injini, kasi ya kuzunguka, mzigo iliobeba. Kila fundi alipofuta, aliichoma faili hiyo.

Fundi wa pili, dada mmoja wa Industrial Area, alisoma kabla ya kugusa chochote. P0301: silinda ya kwanza inakosa kuwaka. Kumbukumbu ilionyesha injini ilikuwa bado baridi. Hakuuza kitu. Alihamisha koili ya silinda ya kwanza akaiweka kwenye ya tatu, na ya tatu akaileta ya kwanza. "Endesha hivyo hivyo, mzee wangu. Ikiwaka tena, rudi." Mvua iliponyesha taa ikarudi, safari hii ikiandika P0303. Kosa lilikuwa limeifuata koili. Alipoimulika na tochi tuliona ufa mwembamba ubavuni. Unyevu ukiingia hapo, umeme unavuja pembeni bila kufika kwenye plagi. Koili moja mpya, kazi ikaisha.

Na hasara haikuwa ya soo tano pekee. Petroli isiyowaka kwenye silinda huenda kuwaka ndani ya katalaiza, na joto lake huiua. Taa ikianza kumweka-mweka badala ya kutulia, gari linakuambia hilo ndilo linatokea sasa hivi. Punguza mwendo, simama.

Yule dada aliweza kusoma kwa mashine ya bei nafuu kwa sababu ya sheria. Marekebisho ya Sheria ya Hewa Safi ya Marekani ya mwaka 1990 yaliagiza kumbukumbu hizo zisomeke bila kifaa cha siri cha mtengenezaji, na mafundi wa nje wapewe maelezo ya kutengeneza. Bila hilo, jua kali wangebaki nje ya geti.

Nairobi nayo imo katika hadithi hii. UNEP, yenye makao Gigiri, iliongoza kampeni ya kuondoa risasi kwenye petroli. Risasi huharibu katalaiza, na huharibu akili za watoto. Kenya iliachana nayo kufikia 2006, na Agosti 2021 UNEP ikatangaza kwamba imekwisha kwa magari ya dunia nzima. Tukapata petroli nafuu kwa mapafu. Halafu tunang'oa katalaiza, tunaziuza kwa ajili ya platinamu iliyomo, na tunamlipa mtu azime taa inayolalamika.

Ukienda kununua gari lililotumika, usiridhike kwamba dashibodi haina taa. Chomeka mashine. Kompyuta iliyofutwa juzi hujitoa yenyewe: majaribio yake ya ndani husomeka kuwa hayajakamilika, na magari mengi hutaja hata kilomita zilizoendeshwa tangu ifutwe. Ukikuta ni kilomita kumi, muulize muuzaji palikuwa pameandikwa nini.