Mapigo ya Moyo wa Mtoto Tumboni Mwishoni mwa Ujauzito

Mapigo ya moyo wa mtoto aliye tumboni huhesabiwa kwa dakika moja, na mimba inapokaribia miezi tisa kiwango kinachokubalika ni kati ya 110 na 160. Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100. Kwa hiyo mtoto ambaye moyo wake unakwenda 145 yuko katika hali yake ya kawaida, ingawa sikioni kwa mama mapigo hayo husikika kama mbio. Jambo hili lingeelezwa kliniki kwa sentensi mbili tu, hofu nyingi zisingefika nyumbani. Mara nyingi halielezwi. Mkunga anasikiliza, anaandika namba kwenye kadi, anamwita anayefuata, na mama anaondoka na namba asiyojua maana yake. Mwezi uliopita iliandikwa 138, leo ni 152, na usiku usingizi hauji.

Kutoka 138 hadi 152 si dalili ya ugonjwa. Mtoto yuleyule anaweza kupita kwenye namba zote mbili ndani ya dakika moja.

Moyo unavyojiendesha

Moyo huanza kupiga mapema sana, mimba ikiwa na wiki kama sita tangu siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho. Mwendo wake hupanda haraka hadi karibu 170 kwenye wiki ya tisa, kisha hushuka polepole, na katika miezi ya mwisho huzunguka kwenye 140. Unaposhuka ni kwa sababu mfumo wa neva unakomaa, hasa neva ya vagusi inayotoka kwenye ubongo na kuupoza moyo. Neva nyingine huuharakisha. Moyo hukaa katikati ya mvutano huo, ndiyo maana hautulii kwenye namba moja: mtoto mwenye afya mapigo yake hucheza kwa tofauti ya 5 hadi 25 kwa dakika kuzunguka kiwango chake cha msingi. Akirusha mguu au akijigeuza, mapigo hupanda kwa 15 au zaidi kwa muda wa sekunde 15 au zaidi, kisha hurudi. Mkunga akilisikia hilo hufurahi, maana ni ushahidi kwamba ubongo unapata oksijeni na unaongoza moyo.

Hapa watu wengi huelewa kinyume. Mama husikia mapigo yakibadilika akadhani moyo una hitilafu, kumbe mabadiliko hayo ndiyo afya yenyewe. Kinachotia shaka ni moyo unaopiga vilevile, dakika baada ya dakika, bila kupanda wala kushuka. Na hata hapo kuna subira, kwa sababu mtoto hulala. Usingizi wake mzito huchukua dakika 20 hadi 40 kwa kawaida, na ni nadra kuvuka dakika 90. Akiwa amelala hachezi, na mapigo yake hutulia. Mkunga mzoefu humgeuza mama ubavu, husubiri, kisha husikiliza tena kabla ya kutoa uamuzi.

Yanapopanda na yanaposhuka

Mapigo yakikaa juu ya 160 kwa dakika kumi au zaidi, sababu ya kwanza hutafutwa kwa mama mwenyewe, nayo ni homa. Malaria, maambukizi ya njia ya mkojo, au maambukizi yanayoingia kwenye mfuko wa uzazi baada ya chupa kupasuka na saa nyingi kupita, yote hupandisha joto la mama, na moyo wa mtoto hufuata. Upungufu wa maji mwilini hufanya vivyo hivyo, pamoja na baadhi ya dawa za pumu kama salbutamol, na tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Mara nyingi mama akitibiwa, mtoto naye hutulia. Mapigo yaliyovuka 220 ni suala jingine: huenda hitilafu iko kwenye umeme wa moyo wa mtoto mwenyewe. Hiyo inahitaji daktari bingwa, na inaweza kutibiwa mtoto akiwa bado tumboni kwa dawa anazomeza mama, zikapita kwenye kondo la nyuma hadi kwake.

Kushuka chini ya 110 kuna sababu nyepesi na sababu nzito. Nyepesi inayotokea kila siku ni kulala chali. Mfuko wa uzazi wa miezi minane hulalia mshipa mkubwa unaorudisha damu kwenye moyo wa mama, presha yake inashuka, anasikia kizunguzungu, na damu inayofika kwenye kondo inapungua. Akigeuzwa ubavu, hali hurudi. Kwa mimba iliyopita wiki 40, kiwango cha msingi cha 100 hadi 110 kinaweza kuwa cha kawaida kwa mtoto huyo, ilimradi mapigo yanapanda na kushuka vizuri. Sababu nzito ni kitovu kutangulia baada ya chupa kupasuka, kondo kubanduka kabla ya wakati, au mfuko wa uzazi kuchanika kwenye kovu la upasuaji wa zamani. Hapo huhesabiwa dakika, na mama hupelekwa chumba cha upasuaji.

Wapo pia watoto ambao moyo wao huruka pigo. Hali hii huonekana kwa mimba moja au mbili katika kila 100, na karibu mara zote huisha yenyewe kabla ya mtoto kuzaliwa au muda mfupi baadaye. Mama akiambiwa "mapigo yanarukaruka" ana haki ya kuambiwa pia kwamba karibu mara zote huisha yenyewe.

Kitovu kilichozunguka shingo huzua hofu kubwa kuliko kinavyostahili. Kati ya watoto wanne au watano wanaozaliwa kwa wakati, mmoja hivi hutoka nacho shingoni, na wengi wao hulia papo hapo bila tatizo. Kuhusu imani kwamba mapigo zaidi ya 140 ni mtoto wa kike na chini ya hapo ni wa kiume, tafiti zimeipima mara kadhaa na haikuthibitika.

Kutoka sikio tupu hadi mashine

Kwa karne nyingi haikujulikana sana kwamba moyo wa mtoto unaweza kusikika kutoka nje. Daktari Laennec wa Ufaransa alivumbua stetoskopu mwaka 1816. Miaka miwili baadaye daktari wa upasuaji wa Geneva, François Mayor, aliripoti kwamba kwa kuweka sikio juu ya tumbo la mama alisikia mapigo ya mtoto. Mwaka 1821 Mfaransa mwingine, Kergaradec, akitafuta kusikia maji ya uzazi yakitikisika, alikutana na mapigo ya kasi yasiyolingana na ya mama. Alitambua mara moja faida yake: sasa iliwezekana kujua kama mtoto yu hai. Mwaka 1895 Adolphe Pinard akatoa kile kifaa kidogo cha kusikilizia chenye umbo la tarumbeta ambacho wakunga wa Afrika Mashariki wanakitumia hadi leo. Mapigo ndani yake husikika kama saa iliyofunikwa kwa mto.

Mashine za kuchora mapigo mfululizo kwenye karatasi zilitokana na kazi za Edward Hon nchini Marekani, Konrad Hammacher nchini Ujerumani na Roberto Caldeyro-Barcia nchini Uruguay, na zikaanza kuuzwa mwishoni mwa miaka ya 1960. Matumaini yalikuwa makubwa. Wengi waliamini kwamba mtindio wa ubongo na vifo wakati wa kujifungua vingepungua sana. Haikuwa hivyo. Jaribio la Dublin la mwaka 1985, lililohusisha wanawake wapatao 13,000, lilionyesha kwamba mashine inayopima mfululizo ilipunguza degedege kwa watoto wachanga, lakini haikupunguza vifo. Tafiti zilizojumlishwa baadaye zilithibitisha hayo, zikaongeza kwamba mashine huongeza upasuaji. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani linasema mama mwenye uchungu na asiye na tatizo asikilizwe kwa vipindi, kwa dopla ya mkononi, yaani kifaa kidogo cha umeme cha kusikilizia mapigo, au kwa kifaa cha Pinard: kila dakika 15 hadi 30 uchungu ukishachanganya, na kila dakika 5 anaposukuma. Kila mara mkunga asikilize kwa dakika nzima, huku akishika mapigo ya mama mkononi ili asije akahesabu moyo wa mama akidhani ni wa mtoto.

Agizo hilo ni rahisi kuandika na ni gumu kulitimiza katika wodi ambayo mkunga mmoja ana wazazi sita. Tanzania imeshughulikia tatizo hili kwa namna inayostahili kujulikana. Kampuni ya Laerdal ya Norway, ikishirikiana na watafiti na hospitali za nchini, ikiwemo Haydom mkoani Manyara, ilitengeneza kifaa kinachofungwa tumboni kwa mama, kikaitwa Moyo. Majaribio yaliyofanyika Tanzania yalionyesha kwamba Moyo hugundua kasoro za mapigo mara nyingi zaidi kuliko kusikiliza kwa vipindi, ila kifaa peke yake hakikupunguza vifo. Ndipo mradi wa Safer Births ukaunganisha vifaa na mafunzo ya mara kwa mara kazini katika hospitali na vituo 30 vya Manyara, Tabora, Geita, Shinyanga na Mwanza. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2025 yalionyesha vifo vya watoto vikipungua. Kugundua kasoro hakutoshi pasipo mtu aliyefundishwa la kufanya baada ya kuigundua.

Ukubwa wa tatizo unafahamika. Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba mwaka 2021 watoto milioni 1.9 duniani walizaliwa wakiwa wafu baada ya wiki 28 za mimba, na zaidi ya robo tatu yao walikuwa Afrika kusini mwa Sahara na Asia ya Kusini. Sehemu kubwa walifariki wakati wa uchungu, yaani walikuwa hai mama alipoanza kuumwa.

Wasiwasi nyumbani

Siku hizi dopla ndogo huuzwa mtandaoni, na zipo programu za simu zinazodai kusikiliza mapigo. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilishauri mwaka 2014 kwamba dopla za nyumbani zisitumiwe. Hatari kubwa ni matumaini ya uongo. Asiyefundishwa husikia mvumo wa damu kwenye kondo, au mapigo yake mwenyewe yaliyopandishwa na hofu hadi 120, akaamini amemsikia mtoto. Mwaka 2009 jarida la BMJ la Uingereza lilichapisha kisa cha mama aliyeona mtoto amepunguza kucheza, akajisikiliza kwa kifaa chake, akaridhika. Alipofika hospitali baadaye, mtoto alikuwa amekwisha kufa. Na hata angekuwa ameyasikia mapigo halisi, yangemwambia tu kwamba mtoto yu hai dakika ile. Yasingemwambia kama ana nguvu.

Anachoweza kukipima mama bila kifaa chochote ni mchezo wa mtoto. Kuanzia wiki ya 28 kila mtoto huwa na mtindo wake. Mmoja hucheza baada ya chakula cha jioni, mwingine alfajiri. Watu husema mtoto hutulia mwishoni kwa kuwa anajiandaa kuzaliwa. Hilo si kweli, na limewaponza wengi. Mateke huweza kugeuka kuwa kujisukuma na kujinyoosha kwa sababu nafasi imebana, lakini mtoto mwenye afya hucheza hadi siku ya kuzaliwa, na hata wakati wa uchungu. Hakuna idadi maalum ya mateke inayomfaa kila mtoto. Jaribio kubwa la mwaka 1989, lenye wanawake zaidi ya 68,000, halikuona vifo vikipungua kwa kuhesabu mateke kila siku. Kipimo ni kawaida ya mtoto huyo mwenyewe, na anayeijua ni mama yake.

Kuanzia wiki hiyohiyo ya 28, mjamzito alale ubavu anapoanza usingizi, wa kushoto au wa kulia. Tafiti zimehusisha kulala chali na hatari kubwa zaidi ya mtoto kufia tumboni. Akishtuka usiku yuko chali, ajigeuze tu, aendelee kulala.

Mtoto akipunguza kucheza, au akabadili mtindo wake ghafla, mama aende kituoni siku hiyohiyo, usiku au mchana. Aende pia akiona damu ukeni, chupa ikipasuka, akipata homa, maumivu ya tumbo yasiyokoma, kichwa kuuma sana au macho kuona ukungu. Kunywa soda baridi ili kumwamsha mtoto kusiwe sababu ya kuchelewa. Akifika aeleze moja kwa moja: "Mtoto wangu hachezi kama kawaida." Akipimwa akakutwa salama, hajamsumbua mtu, na ikitokea tena arudi tena. Mume, mama mkwe na wifi wasimwambie asubiri kupambazuke. Watafute usafiri.