Shimo Lililokesha Badala ya Mwindaji

Anayeshuka kutoka Nkubu kuelekea Mitunguu huvua sweta kabla hajafika sokoni. Mitunguu iko karibu mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, ukingoni mwa nyanda kavu za Tharaka, na ndizi zinazopakiwa hapo kwenye malori hukua kwa jua na maji ya kumwagilia. Lakini ukitazama magharibi asubuhi, mawingu yasipotanda, Mlima Kenya uko palepale, na msitu wake ni safari ya siku moja kwa miguu. Joto hupungua takriban nyuzi 6 kwa kila mita 1,000 unazopanda. Katika ukanda wa mianzi, kati ya mita 2,400 na 3,000 hivi, mtu wa Mitunguu hukuta baridi inayozidi ya kwao kwa nyuzi 8 hadi 12, tena yenye unyevu, kwa kuwa miteremko ya kusini mashariki ndiyo inayonyeshewa kuliko pande zote za mlima. Mwezi Julai ukungu huweza kukaa huko siku nzima. Hoja yangu ni kwamba tofauti hii ilichangia sana kuamua namna watu wa Meru na Embu walivyowinda: bondeni mtu alikaa akaotea, mlimani aliacha mtego ukae kwa niaba yake. Tumezoea kueleza njia hizo kwa mila za ukoo huu na ule, tukausahau mwili wa mwindaji mwenyewe.

Tuanze basi na mwili huo. Mtu aliyetulia hutoa joto la wati 100 hivi, sawa na balbu moja ya zamani. Akipanda mlima na mzigo hutoa mara kadhaa ya hizo. Mwindaji hufika mahali pa kuotea akiwa ametoka kupanda, mgongo umelowa jasho, kisha anatakiwa asitikisike. Jasho lile lililompoza njiani sasa linamwibia joto. Ardhi yenye maji nayo inamnyonya kupitia makalio na nyayo. Usiku ukiingia, hewa baridi, kwa kuwa ni nzito, huteremka na kutuama kwenye vibonde vya mlimani, kulekule wanyama wanakokuja kunywa. Dawa zote rahisi amekatazwa: kupiga hatua ni kelele, moto hutoa mwanga na moshi, na kuni za mianzi zina hatari yake, maana pingili iliyoziba ikishika moto hupasuka kwa mlio mkubwa unaofika mbali. Kinachobaki ni vazi. Ngozi ya perere, yenye manyoya mazito, ilithaminiwa milimani kwa Wakikuyu na kwa Wachagga wa Kilimanjaro pia, na ngozi nyingine zililainishwa kwa mafuta ya mbarika, ambayo huchelewesha maji kupenya. Lakini joho la ngozi za perere lilikuwa zaidi vazi la mzee mwenye hadhi kuliko la kijana wa kuingia msituni. Na hata kijana angelipata, vazi hutunza joto ulilo nalo tu, haliongezi. Aliyekaa mianzini usiku kucha, kwa muda wa saa 8, huku amelowa hana cha kutunza.

Bondeni mambo yalikuwa mengine. Katika nyanda za Tharaka na Mbeere mtu aliweza kukaa juu ya mti au nyuma ya kichaka karibu na maji, upepo ukimpiga usoni, tangu magharibi hadi mwezi utue, na asiumizwe na chochote ila mbu na usingizi. Silaha ya huko ilifaa kazi hiyo. Mti wa msunguti ulichemshwa saa nyingi hadi ukatoa sumu nyeusi ya kunata, ikapakwa kwenye chembe cha mshale, kisha chembe kikazungushiwa utepe wa ngozi laini ili sumu isikauke na chembe kisimkwaruze mwenyewe. Utepe uliondolewa pale tu mshale ulipokaribia kutumiwa. Sumu hiyo husimamisha moyo. Mnyama mdogo huanguka upesi, lakini tembo huweza kwenda saa kadhaa, na mwindaji akangoja tena. Ni uwindaji wa kungoja tangu mwanzo hadi mwisho, na joto la bonde ndilo lililouwezesha. Hata mlinzi wa shamba la mawele, aliyekesha juu ya dungu kufukuza nguruwe na ndege wa alfajiri, alikuwa na ruhusa ya moto na kelele, vitu viwili ambavyo mwenye upinde hakuwa navyo.

Msituni silaha kuu ilikuwa shimo. Lilichimbwa kwenye njia ya tembo au nyati, likafunikwa kwa fito na majani, na wengine wakasimika miti iliyochongwa chini yake. Kazi ya kulichimba ni ya jasho, inayopasha mwili moto. Kazi ya kungoja ilibaki kwa shimo lenyewe, na mwindaji akarudi kibandani kwenye moto wake. Tanzi nalo vivyo hivyo: hutegwa jioni, hukaguliwa asubuhi. Perere, ambaye hulia usiku kucha juu ya miti, mchana hulala pangoni mwa mti, kwa hiyo aliyemtaka alimfuata jua likiwa juu. Masimulizi ya wazee wa Meru, ambayo Jeffrey Fadiman aliyachapisha katika vitabu vyake vya mwaka 1982 na 1993, yanawakumbuka Aathi, wawindaji wa msitu waliojitenga na wakulima. Wameru, Waembu na Wakikuyu wote husimulia pia juu ya Gumba, watu wafupi waliosemekana kuishi ndani ya mashimo ardhini. Wanaakiolojia wamebishana juu ya mabonyeo yanayohusishwa na watu hao, kama yalikuwa makazi au kitu kingine. Hata hivyo kumbukumbu yenyewe ina maana: walipotaka kueleza jinsi mtu anavyoweza kuishi kwa kuwinda kwenye baridi ile, wazee walimweka chini ya ardhi, mahali upepo usipofika.

Mtu atasema ni msitu, wala si baridi. Palipo na miti iliyosongamana mshale hauendi mbali, na tembo wa mlimani hufuata njia zilezile miaka na miaka, kwa hiyo shimo lingekuwa na faida hata kama pangekuwa na joto la Mombasa. Pingamizi hili ni la kweli kwa sehemu, na sipendi kulipuuza. Lakini halijibu swali la maeneo ya wazi ndani ya msitu, kwenye chumvi na madimbwi, ambako mnyama husimama hatua chache tu kutoka kwenye kichaka na mshale ungemfikia bila taabu. Huko ndiko kuotea kungefaa kuliko popote, na huko ndiko baridi hutuama. Msitu unaeleza kwa nini shimo lilifaa. Baridi inaeleza kwa nini kukaa hakukufaa.

Ushahidi mzito zaidi umetoka vitani. Hali ya hatari ilipotangazwa tarehe 20 Oktoba 1952, wapiganaji wa Mau Mau waliingia Mlima Kenya na Aberdare, na wengi hawakuwa wawindaji kamwe. Kiongozi wao wa Mlima Kenya, Waruhiu Itote, aliyeitwa Jenerali China, alikuwa amepigana Burma na jeshi la Waingereza, lakini misitu ya Burma haikuwa na baridi ya mianzini. Vijiji vya lazima vilipoanzishwa mwaka 1954 na chakula kutoka nyumbani kikakatwa, watu hao walirudia elimu ya Aathi: matanzi ya waya, asali ya mizinga, nguo za ngozi. Waliogopa moshi mchana kwa sababu ya ndege za kivita, wakapika kwa hadhari. Ni kweli waliotea barabarani na kwenye vituo, lakini mara nyingi mashambulizi hayo yalifanyika pembezoni mwa msitu, chini zaidi, na kwa muda mfupi. Wanajeshi wa Uingereza nao walilala mitegoni kandokando ya njia usiku, bila moto wala sigara, na harufu ya sabuni na tumbaku ikawafichua. Kilichowavunja wapiganaji wa mwisho miaka ya 1955 na 1956 kilikuwa vikundi vya wapiganaji waliogeuzwa kuwa upande wa Waingereza, watu waliokwenda kama msitu ulivyowafundisha. Musa Mwariama wa Meru hakushikwa. Alitoka msituni Desemba 1963, Uhuru ulipokuwa umefika.

Ndiyo maana sheria za uwindaji za wakoloni zinanisikitisha hadi leo. Mkataba wa London wa mwaka 1900 ulitaka nyavu na mashimo yazuiwe au yapunguzwe, na Mwafrika mwenye shimo akawa mhalifu huku Mzungu mwenye bunduki na leseni akiitwa mwanamichezo. Sikatai kwamba shimo humtesa mnyama. Humtesa, na anayelitetea leo angekosea. Lakini mwanamichezo alipanda mlimani na hema, mablanketi na chai, na joto lake lote lilibebwa vichwani mwa wapagazi. Yule aliyekuwa na kipande cha ngozi tu alihukumiwa kwa kifaa ambacho baridi ilimlazimisha kukibuni. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na marufuku hiyo ninaiunga mkono. Kinachonitia hofu ni maarifa kupotea pamoja na kazi. Tunaandika jina la mtego na jina la kabila, hatuandiki ulitegwa mita ngapi juu wala mwezi gani. Wewe uliye na babu Mitunguu, Chogoria au Runyenjes, muulize maswali hayo mawili mwaka huu, uyaandike majibu, uyapeleke Makumbusho ya Meru.