Mwani Haukufundishwa Ubaoni

Leo tufike Matemwe, kaskazini mashariki ya Unguja. Siku za bamvua, maji yakitoka, kinamama huinama kwenye mashamba ya mwani, wakifunga mbegu kwenye kamba zilizovutwa baina ya vigingi. Nauliza: kazi hii walisomeshwa darasa gani?

Historia inatujibu. Baada ya utafiti wa miaka mingi wa Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kilimo cha mwani cha biashara kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, kwa mbegu kutoka Ufilipino, kisha kikaenea pwani hii. Wengi waliokishika ni wanawake. Walijifunza majini, bega kwa bega: mmoja akifunga, mwenziwe akitazama, kesho naye akifunga. Msahihishaji alikuwa bahari yenyewe. Fundo likilegea, mwani ulikwenda na maji.

Si jambo geni kwetu. Fundi wa jahazi wa Nungwi naye alianza kwa kushika ubao na kukalafati, huku akiuliza.

Mwaka 2006 yalitokea mawili. Serikali ya Mapinduzi ilitunga sheria ya Mamlaka ya Mafunzo ya Amali, na baadaye Mkokotoni, wilaya moja na Matemwe, ikapata kituo chake. Mwaka huo huo mtafiti Dk. Flower Msuya alianzisha mpango wa kuwakutanisha wakulima wa mwani, watafiti na wafanyabiashara. Humo kinamama walijifunza kutengeneza sabuni ya mwani. Joto la bahari lilipoiua aina yenye bei nzuri, wakulima na watafiti walijaribu pamoja kuipanda kwenye kina kirefu, ndani ya nyavu.

Ndipo ninapowageukia waalimu wa amali. Hoteli zimejaa pwani ya Matemwe, nazo zinataka mafundi wa umeme, bomba na majokofu. Kijana aliyejaza daftari bila kushika bisibisi atarudishwa getini, na kazi ataichukua mgeni. Wapeni wanafunzi wanne jokofu bovu moja. Wabishane, walifungue, wakosee, walitengeneze. Mwalimu asimame kando, aulize.

Wahenga walisema penye wengi pana mengi. Kinamama wa mwani wameshatuonyesha. Kazi kwenu, waalimu.