Nta Ilisafiri, Asali Ikabaki

Ukitaja mzinga, iwe Rugu huku Karagwe au Tabora, watu hufikiria asali kwanza. Nta ni makapi ya masega, na mara nyingi hutupwa.

Wafanyabiashara wa enzi za Mjerumani waliona kinyume. Kutoka koloni hili walipeleka Ulaya pembe za ndovu, mpira, ngozi na nta. Asali ilibaki nyumbani, nyingi ikawa pombe. Asali huvuja, na ikiingia maji huchacha. Nta huyeyushwa kwenye maji ya moto, ikachujwa kwa kitambaa, ikaganda, ikakaa miaka bila kuoza. Mpagazi aliweza kuibeba hadi pwani, kabla hata reli haijafika Tabora mwaka 1912. Ng'ambo ikawa mishumaa ya kanisani.

Mrinaji ndiye aliyeumwa na nyuki. Bei ilipangwa mbali naye. Katika miaka ya 1960 wafuga nyuki wa Tabora walikuwa na ushirika wao, wakauza asali na nta kwa pamoja.

Nyuki hula kilo kadhaa za asali kutengeneza kilo moja ya nta. Mwenye mizinga mitano Rugu akitupa makapi, anatupa asali hiyo pia.