Vilainishi vinavyooza

Vilainishi vinavyooza ni mafuta na grisi za mitambo ambazo, zikifika majini au ardhini, huliwa na bakteria na kuvu hadi sehemu kubwa yake ikageuka maji na hewa ukaa. Kuoza peke yake hakutoshi. Kilainishi kinachostahili kuitwa rafiki wa mazingira hakina budi pia kisiwe sumu kwa viumbe wa majini, wala kisijilimbikize katika miili ya samaki.

Aina

Mafuta mengi ya mitambo hutokana na petroli ghafi, na vijidudu huyavunja polepole. Yanayooza haraka hujengwa juu ya misingi mingine. Kiwango cha kimataifa ISO 15380, kinachohusu mafuta ya haidroliki, huyagawa katika makundi manne: mafuta ya mimea, esta za kiwandani, glikoli, na hidrokaboni sintetiki.

Mafuta ya mimea hushika chuma vizuri na hupunguza msuguano kuliko mengi ya petroli. Udhaifu wake ni joto na hewa, ambavyo huyafanya yachache na kuwa mazito, na maji, ambayo huyavunja yangali ndani ya mtambo. Esta huhimili zaidi, ila bei yake ni kubwa. Glikoli hazichangamani na mafuta ya petroli, hivyo mtambo unaohamishiwa aina hiyo lazima usafishwe kabisa.

Vipimo na alama

Kipimo kinachotumika zaidi ni mfululizo wa majaribio uitwao OECD 301. Mafuta huwekwa katika maji yenye vijidudu na hewa ya kutosha. Ikiwa asilimia 60 ya kaboni yake imegeuka hewa ukaa ndani ya siku 28, huhesabiwa kuwa yanaoza kwa urahisi. Ujerumani ilianza mwaka 1988 kutoa alama yake ya mazingira kwa mafuta ya misumeno ya mnyororo, na Umoja wa Ulaya ukafuata mwaka 2005 kwa vilainishi vya aina mbalimbali. Kuanzia Desemba 2013, Marekani ilizitaka meli kubwa za biashara zitumie mafuta ya namna hii popote mtambo unapogusana na maji, isipokuwa pale ambapo ufundi hauruhusu.

Ziwa Tanganyika

Katika eneo la Uvira, upande wa Kongo wa ziwa hili, kuanzia mjini na bandari ya Kalundu hadi vijiji kama Nyakabere, suala la vilainishi lina uzito wa pekee. Mafuta yanayovuja kutoka pikipiki, jenereta, mashine za kusaga na moteri za maboti husombwa na mvua kuelekea mito na ziwa. Ziwa Tanganyika lina kina kinachofikia mita 1,470 na mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga huko Kalemie. Maji yake mengi huondoka kwa kugeuka mvuke. Metali na masalia mazito ya mafuta hayaondoki hivyo. Hubaki na kutuama chini.

Kuna jambo la pili. Maji ya ziwa hili hayachanganyiki hadi chini: kuanzia kina cha takriban mita 100 upande wa kaskazini, oksijeni hutoweka. Kipimo cha siku 28 hufanywa penye hewa, kwa hiyo mafuta yanayoshuka na tope hadi kilindini hayaozi kwa kasi ileile. Kilainishi bora kuliko vyote bado si ruhusa ya kumwaga.

Uimara wa grisi majini umeshuhudiwa hapahapa. Meli ya Graf von Götzen, iliyoundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe Julai 1916, baada ya mafundi kuzipaka injini zake grisi nzito. Ilipoopolewa mwaka 1924, injini zilikuwa bado zinafaa, na mwaka 1927 ikarudi safarini kwa jina la Liemba. Sifa hiyohiyo iliyookoa injini ndiyo inayolitishia ziwa: kilainishi kisichovunjika kwa miaka hakivunjiki hata kikiwa mahali kisipotakiwa.

Mawese na mbarika

Mwambao wa Ziwa Tanganyika una michikichi mingi, kutoka Fizi hadi Rumonge na Kigoma. Katika karne ya 19, mawese ya Afrika Magharibi yalitumika kutengeneza grisi ya magurudumu ya treni Uingereza. Hata hivyo, mawese mabichi hayafai kumiminwa ndani ya injini ya leo. Karibu nusu ya asidi zake ni za aina inayoganda, kwa hiyo huwa mazito asubuhi ya baridi. Kiwandani hugeuzwa kuwa esta kwanza. Mafuta ya mbarika, mazito na yasiyoganda upesi, yalilainisha injini za ndege katika Vita Kuu ya Kwanza.

Matumizi

Mahali pa kuanzia ni pale ambapo mafuta hupotea kwa kawaida ya kazi: moteri za maboti zinazochanganya oili na petroli na kutolea moshi majini, misumeno ya mnyororo, ekseli za propela, na mitambo ya umeme kama ya mto Ruzizi, unaoishia ziwani. Mnunuzi adai jina la kipimo na asilimia iliyofikiwa. Picha ya jani kwenye dumu haithibitishi kitu. Mafuta ya zamani yakibaki mengi ndani ya mtambo, huharibu sifa ya mapya.

Mafuta yaliyokwisha kutumika, hata yenye asili ya mmea, hubeba metali na masizi. Hukusanywa katika dumu lenye kifuniko, mbali na visima na mifereji.

Mkataba wa usimamizi endelevu wa Ziwa Tanganyika, uliotiwa saini Juni 2003 na Burundi, Kongo, Tanzania na Zambia, unazitaka nchi hizo zizuie uchafuzi. Samaki kama ndagala na mukeke huvuka mipaka ya nchi zote nne, na watu wa mwambao huchota maji ziwani. Oili inayomwagwa Uvira ni suala la majirani wote.