Hamu Si Utamu: Historia Fupi ya Dopamini na Unene

Kiswahili kinatenganisha mambo mawili ambayo wanasayansi walichukua zaidi ya miaka 30 kuyatenganisha. Utamu tunauonja chakula kikiwa mdomoni. Hamu huja mapema, hata kabla sahani haijaletwa. Mtu anaweza kuwa na hamu kubwa ya kitu ambacho, akishakionja, hakimfurahishi sana. Historia ya dopamini, kemikali ya ubongo inayotajwa mara nyingi unene unapojadiliwa, ni historia ya watafiti waliodhani wameupata utamu, kumbe walikuwa wameipata hamu.

Dopamini ilitengenezwa kwa mara ya kwanza maabarani London mwaka 1910. Kwa miongo kadhaa ilidhaniwa kuwa ni hatua tu ambayo mwili hupitia unapotengeneza kemikali nyingine, kama adrenalini. Mwaka 1957, Arvid Carlsson wa Chuo Kikuu cha Lund, Uswidi, alionyesha vingine. Sungura waliopewa dawa ya reserpini walilegea hata wakashindwa kusogea. Walipodungwa L-dopa, ambayo ubongo huigeuza kuwa dopamini, waliamka tena. Ikajulikana kwamba dopamini ina kazi yake yenyewe. Mwaka 2000 Carlsson alipata Tuzo ya Nobel ya tiba pamoja na watafiti wengine wawili.

Wakati huohuo, huko Montreal, Kanada, hadithi nyingine ilikuwa imeanza. Mwaka 1954 James Olds na Peter Milner wa Chuo Kikuu cha McGill waliingiza waya mwembamba katika ubongo wa panya na kupitisha umeme kidogo. Panya alirudi tena na tena pale alipoupata umeme huo. Walipowawekea panya wenzo wa kujipa umeme wenyewe, baadhi waliubonyeza mamia ya mara kwa saa. Watu wakasema kituo cha raha kimepatikana. Baadaye ilipoonekana kwamba dopamini inahusika na njia hizo za ubongo, ikaitwa kemikali ya raha. Mwaka 1978 Roy Wise, pia wa Montreal, aliimarisha wazo hilo. Panya waliopewa dawa ya kuzuia dopamini waliacha polepole kubonyeza wenzo uliowaletea chakula, kana kwamba chakula kimepoteza ladha.

Je, ni kweli ladha ilipotea? Mwaka 1989 Kent Berridge na wenzake wa Chuo Kikuu cha Michigan walichunguza panya ambao karibu dopamini yao yote ilikuwa imeharibiwa. Panya hao hawakula wenyewe, na bila kulishwa wangekufa. Lakini maji ya sukari yalipodondoshwa ulimini mwao, walijilamba midomo kama panya wazima. Utamu ulikuwepo. Kilichopotea ni hamu.

Huko Uswisi, Wolfram Schultz alipima seli za dopamini katika ubongo wa tumbili. Mwanzoni seli ziliitikia matone ya sharubati. Tumbili alipojifunza kwamba ishara fulani hutangulia sharubati, seli zikaanza kuitikia ishara badala ya sharubati yenyewe. Ndiyo maana harufu ya maandazi au bango la mkahawa linaweza kuamsha hamu kwa mtu aliyeshiba.

Swali la unene wa binadamu liliingia kwa nguvu mwaka 2001. Gene-Jack Wang, Nora Volkow na wenzao wa maabara ya Brookhaven, New York, walipiga picha za ubongo za watu 10 wenye unene mkubwa na wengine 10 wasio nao. Wale wanene walikuwa na vipokezi vichache zaidi vya dopamini vya aina ya D2. Lakini je, upungufu huo ulileta unene, au unene ulileta upungufu? Mwaka 2010, Paul Johnson na Paul Kenny huko Florida waliwapa panya soseji, nyama ya nguruwe yenye mafuta na keki. Panya walinenepa, vipokezi vikapungua, na waliendelea kula hata baada ya kuwashiwa taa iliyowaonya kwamba watapigwa umeme. Kwa panya, basi, chakula chenyewe kilibadilisha ubongo.

Kwa binadamu, matokeo ya tafiti zilizofuata hayajakubaliana, kwa hiyo tusikimbilie kusema kwamba sukari ni sawa na kokeini. Dopamini pia haifanyi kazi peke yake. Leptini, homoni inayotoka kwenye mafuta ya mwili na iliyogunduliwa mwaka 1994, nayo huuambia ubongo kuhusu akiba iliyopo.

Hata hivyo, historia hii inatudai jambo moja. Majumbani mwetu mtu mnene huitwa mlafi au mroho, na maneno hayo ni hukumu juu ya tabia yake. Yanachukulia kwamba anakula sana kwa sababu anafurahia kuliko sisi na hataki kujizuia. Utafiti unaonyesha kwamba hamu huanza kabla ya uamuzi, huchochewa na ishara zilizojaa mitaani na kwenye simu, na inaweza kuwa kali hata pale raha ni ndogo. Uamuzi bado upo, lakini hatuanzi wote mahali pamoja.

Tunaoandika sayansi kwa Kiswahili tuna nafasi ya kuanza vizuri. Tusitafsiri kosa la zamani kwa kuiita dopamini kemikali ya raha. Tuiite kemikali ya hamu, na tumsikilize mtu anaposema kwamba hakifurahii tena chakula kile, lakini bado anakitaka.