Suema na Kidonda cha Mtu Mwingine

Kabla ya misheni ya Bagamoyo, kulikuwa na hospitali. Padre Armand Fava alifika Unguja mwishoni mwa mwaka 1860 akitokea kisiwa cha Réunion, pamoja na masista wa shirika la Mabinti wa Maria, wakaanza kutibu wagonjwa. Mwaka 1863 Mapadre wa Roho Mtakatifu wakaipokea kazi hiyo, na mwaka 1868 Padre Antoine Horner akavuka kuja kuanzisha misheni kwetu. Sala na bandeji zilifika pwani hii pamoja.

Wageni wanaokuja hapa Bagamoyo huulizia zaidi habari za mpelelezi na mmisionari Livingstone, ambaye mwili wake uliletwa misheni na watumishi wake, akina Chuma na Susi, Februari 1874. Mimi niliyezeeka katika uuguzi navutwa na binti mmoja, Suema. Masimulizi yake yaliandikwa na Padre Horner, yakachapishwa Paris mwaka 1870.

Alikuwa Myao. Baba alikufa, nzige wakala mashamba, mama akakopa nafaka akashindwa kulipa. Wadai wakamchukua mtoto kufidia deni. Mama aliufuata msafara wa watumwa alimotiwa mwanawe hadi nguvu zikamwishia, akaachwa njiani. Suema alipofika Unguja alikuwa amedhoofu hata wafanyabiashara ya watumwa wakadhani hafai tena. Wakamviringisha mkekani, wakamfukia yungali hai katika shimo la kina kifupi. Kijana mmoja wa Réunion alimsikia, akamfukua, akampeleka kwa masista.

Mwili ulipona. Kisha akaletwa majeruhi mmoja, na Suema akamtambua: ndiye aliyesababisha kifo cha mama yake. Na kazi yake ilikuwa kuwasaidia masista kuhudumia majeruhi! Alisali kanisani huku moyo ukikataa, mpaka akaweza kumsamehe.

Mwanahistoria Edward Alpers, aliyeyachunguza masimulizi hayo, ametukumbusha kwamba yamepita katika kalamu ya mapadre waliowaandikia Wakristo wa Ulaya. Ni kweli, na yasomwe kwa tahadhari. Lakini hapo penye majeruhi mimi naamini. Kidonda kinachotoa usaha hakisafishwi kwa mbali. Unainama, unalainisha shashi iliyoganda kwa maji ya chumvi, unaibandua taratibu, na pumzi ya mgonjwa inakupiga usoni. Kumfanyia hivyo mtu unayemchukia kunahitaji nguvu ambayo chuoni hatukufundishwa.

Niliitafuta nguvu hiyo mwenyewe nilipogongwa na bodaboda, paja likavunjika. Mfupa uliungwa na madaktari, nami nawashukuru. Mazoezi niliyafanya kwa rozari: Salamu Maria moja, mguu juu, tendo moja likiisha, nimeinua mara kumi. Wanajumuiya walikuja kusali nami, na jirani yangu Mwislamu akaniombea dua na kuniletea uji. Wanaomwambia mgonjwa aache dawa kwa kuwa ameshaombewa wanamdhulumu. Masista wa Unguja walisali na dawa wakatoa.

Kilichochelewa kupona ni hasira. Kijana aliyenigonga alikuja na mama yake, akasimama mlangoni: "Shikamoo, bibi." Sikumwitikia. Usiku nikamtaja kwa jina katika sala, kwa shida, maneno yakinikwama kooni. Nikarudia usiku uliofuata, na mwingine. Alipokuja tena nilimwitikia marahaba, nikamwambia anishike mkono tutembee hadi kwenye mwembe na kurudi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kuvuka kizingiti bila gongo.

Katika ziara za misheni, Suema anastahili kutajwa pamoja na Livingstone. Wauguzi wenzangu mnaofundisha, siku mnapowaonyesha wanafunzi namna ya kusafisha kidonda, wasimulieni habari zake.